Shali nyepesi ya rangi nyingi kwa uzi wa koni

Niweke msimamo wangu mapema alafu ndo tuendelee: ukishika uzi wa rangi nyingi chagua nakshi rahisi, na ukitaka nakshi ngumu yenye maua na majani na vinundu basi shika uzi wa rangi moja. Vyote viwili kwenye shali moja vinagombana. Tundu kwenye shali linaonekana kwa sababu uzi uliolizunguka umetulia, sasa kama kila baada ya vitanzi vichache rangi imebadilika, jicho linakimbilia rangi, tundu linapotea, na ile kazi yote ya kulifuma haionekani. Nimeona niandike hii ndefu kidogo kuhusu shali niliyomaliza majuzi, inayoanza rangi ya maziwa inatembea mpaka zambarau, maana watu wameiona kanisani wameiona na status na maswali yamekuwa mengi, na karibu wote wanaanza na swali moja, uzi umetoa wapi.

Jamani hakuna uzi wa ajabu. Ni uzi wa koni, ule ule wanaotumia mafundi wa masweta ya shule kwenye mashine. Huku Mbeya baridi ya Juni na Julai haina utani, kwa hiyo mafundi wa masweta wapo wa kutosha na kila fundi ana kona yake ya koni zilizobaki, rangi ya shule iliyobadilisha sare, rangi ya oda iliyoisha, koni yenye gramu mia mbili ambazo sweta hazitoshi lakini kwa shali ni nyingi mno. Nilienda kwa mama mmoja fundi, nikamwamkia shikamoo mama, naomba uniuzie mabaki ya koni, akasema marahaba mwanangu, hayo mabaki si huwa nafungia mizigo tu, we unataka kufumia nini. Nilivyomwambia shali ya mkono akanyamaza kidogo alafu akaanza kuzitoa zile nzuri alizokuwa kazificha nyuma ya mashine, akanipimia kwenye mzani. Kwa hiyo kama uko mji wenye baridi, uwe Njombe au Iringa au Arusha au hata Limuru kule kwa majirani, kabla hujaagiza uzi wa bei mbaya kutoka nje pita kwanza kwa mafundi wa masweta.

Kwenye lebo ya koni mara nyingi utakuta pameandikwa 2/32. Watu wanaipita hiyo namba lakini ndo inayokupa hesabu nzima. Hiyo 2 ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na 32 ni kwamba kila uzi mmoja ukiwa peke yake unatoa mita 32 kwa gramu 1. Zikisokotwa mbili unagawa kwa 2, unabaki na mita 16 kwa kila gramu, yaani gramu 100 ni mita 1,600. Uzi huo ukiushika mmoja ni mwembamba sana kwa kazi ya mkono, kwa hiyo mi nashika nyuzi mbili kwa pamoja kutoka koni mbili, hapo gramu 100 zinakuwa mita 800 za uzi wa kufumia, na huo ndo unene unaotakiwa kwa shali ya kupepea. Shali kubwa ya upana wa nusu mita na urefu wa mita moja na themanini inakula gramu 100 hivi tu. Ukiikunja inaingia kwenye mkoba mdogo wa mkononi na bado kuna nafasi ya simu.

Kitu kingine, ujue uzi wako ni wa nini kabla hujaanza, maana huko mwisho kwenye kuwamba, yaani kuivuta shali na kuichoma pini ili ishike umbo, ndo itakuamulia kila kitu. Lebo ikiwa imetoka fanya hivi: kata kipande cha urefu wa kidole, kishike na kibano juu ya sahani ya bati, washa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, ukiondoa moto inazima yenyewe, na majivu yake ukiyabana yanasagika. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha majivu mepesi ya kijivu. Akriliki inajikunja inayeyuka huku inawaka, alafu ikipoa unabaki na punje nyeusi ngumu ambayo hata ukiibana kwa kucha haisagiki. Koni za masweta ya shule nyingi ni akriliki, na zangu zote zilitoa punje. Wapo watu wanaidharau akriliki, mi siidharau. Haichuji rangi ovyo, nondo wa nguo hawaili, bei yake inashikika, na ukiijulia kwenye mvuke inalala vizuri mno mabegani.

Sasa rangi, na hapa ndo penye utamu wa kushika nyuzi mbili kwa pamoja. Nilikuwa na koni za rangi sita: maziwa, njano, chungwa, nyekundu, damu ya mzee na zambarau. Ukizifuma moja moja utapata mistari sita inayokatana kama bendera, imeisha. Lakini ukishika mbili unaanza na maziwa na maziwa, ukifika mahali pa kubadilisha unakata uzi mmoja tu unaweka njano, sasa una maziwa na njano zimechanganyika, alafu unakata ule wa maziwa uliobaki unaweka njano ya pili, unakuwa njano tupu, alafu njano na chungwa, alafu chungwa tupu, unaenda hivyo hivyo. Rangi sita zinakupa hatua kumi na moja, sita za rangi tupu na tano za mchanganyiko katikati. Ukiisogelea ile sehemu ya mchanganyiko unaona kila kitanzi kina nyuzi mbili za rangi tofauti zimelala ubavu kwa ubavu, kitanzi kimoja njano imekaa juu, cha jirani maziwa ndo imekaa juu, haina mpangilio, lakini ukirudi hatua mbili nyuma jicho linazichanganya unaona rangi ya tatu ambayo hakuna koni yake dukani. Ile sehemu ya nyekundu na damu ya mzee kwangu ndo roho ya hii shali, nimeiangalia mpaka nimesahau chai.

Kupanga rangi msiogope, tumieni simu. Panga koni zako juu ya meza kwa mstari, piga picha, alafu igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama koni mbili zilizokaa jirani zinaonekana kijivu kile kile basi hata kama kwa rangi zinatofautiana sana zikifumwa pamoja zitatulia, hazitakuwa na madoa. Kama moja ni nyeupe kabisa na jirani yake ni nyeusi, mchanganyiko wake utakuwa na vidoti vidoti. Mimi vidoti sivitaki kwenye shali ya kwendea harusini, mwingine atavipenda, ila ajue anavipata kwa kutaka. Na kama huna jicho la rangi, chukua kitenge unachokipenda kabatini kwako, waliokichora wameshakufanyia hiyo kazi, we toa rangi tano sita humo humo.

Sindano. Wengi tuliojifunza kufuma utotoni tulianza na njiti za baiskeli, spoku, na spoku ni nzuri kwa kufuma kofia ngumu ya mtoto ila kwa shali nyepesi hazifai maana spoku ni kama milimita 2 tu. Shali nyepesi inataka kinyume cha mazoea, uzi mwembamba na sindano nene, ili kitanzi kiwe kipana na kipate nafasi ya kufunguka baadaye. Mi nimetumia milimita 4. Za dukani zipo za chuma na za plastiki, lakini za kwangu ni za mwanzi, na mianzi huku nyanda za juu tunayo ya kumwaga. Unachukua mwanzi mkavu uliokomaa, unapasua fito, unachonga na kisu kikali, alafu unapiga msasa, ule mkali kwanza na ule laini mwisho. Kujua umefika unene sawasawa muombe fundi akutobolee tundu kwa drili namba 4 kwenye kipande cha bati, unapitisha fito kwenye lile tundu, ikigoma rudi kwenye msasa, ikipita kwa kuteleza bila kucheza imekaa. Malizia na nta ya mshumaa, sugua na kitambaa mpaka ing'ae. Mwanzi unaukamata uzi kidogo, hauteleziteleza kama chuma, na kwa uzi huu mwembamba hilo ni jambo kubwa sana kwa sababu kitanzi kikitoka kwenye sindano hapa kinashuka mstari baada ya mstari fasta kabla hujakidaka.

Nakshi niliyotumia ni ya zamani, inatoka visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, kwa Kiingereza chao inaitwa Old Shale. Shetland ndo moja ya sehemu zinazosifika zaidi duniani kwa shali za matundu. Kwenye kisiwa cha Unst, ambacho ndo cha mwisho kabisa kaskazini chenye watu huko Uingereza, wanawake walikuwa wananyonyoa kwa mkono sufu laini ya shingoni mwa kondoo, wanaisokota nyembamba kama unywele, wanafuma shali ya mraba ya karibu mita mbili kila upande ambayo ukiivuta inapita katikati ya pete ya ndoa. Hizo za pete zilikuwa nyeupe, na zilikuwa za kuuza kwa matajiri. Orenburg kule Urusi nako wana shali zao za manyoya laini ya mbuzi, nazo sifa ni hiyo hiyo ya pete, na rangi zao za asili ni nyeupe au kijivu. Haapsalu huko Estonia, mji wa pwani ambao toka mwaka 1825 watu walikuwa wanaenda kujitibu kwa tope la bahari, wanawake wakawa wanafuma shali wanawauzia hao wageni, na za kwao zina vile vinundu, unatoa vitanzi vitano au saba au tisa kutoka kitanzi kimoja alafu mstari unaofuata unavifunga vyote kuwa kimoja, kinabaki kidonge kidogo kimetuna. Nazo asili yake ni nyeupe. Unaona sasa? Nakshi hizi ngumu za sehemu zote tatu zimekaa kwenye rangi moja, na hao akina mama walijua wanachofanya.

Rangi nyingi zilienda wapi? Zilienda kwenye shali za kazi. Hao hao wanawake wa Shetland walikuwa na shali nyingine wanaiita hap, ya kuvaa kila siku, katikati imefumwa bila matundu na pembeni inazungukwa na mawimbi ya hii Old Shale kwa rangi zinazopanda na kushuka, nyeupe, kijivu, kahawia, nyeusi, rangi za kondoo wenyewe bila kutia dawa. Wanaikunja pembetatu, wanapitisha ncha kifuani zikapishana, wanafunga mgongoni, mikono inabaki huru. Na mikono hiyo haikukaa bure. Kuna picha za zamani za wanawake wa Shetland wanatembea na kapu la peat mgongoni, yaani yale mabonge makavu ya udongo wa mimea iliyooza wanayochimba kwenye vinamasi na kuyachoma badala ya kuni, kapu limejaa mpaka juu, na huku mbele mikono inafuma, sindano moja imechomekwa kwenye mkanda wa ngozi wenye matundu kiunoni ili isimame yenyewe. Nilivyoiona picha ile mara ya kwanza niliikuza kwenye simu nikaangalia vidole tu. Nimewaona mama zetu wanapanda mlima na mzigo wa kuni huku wanasuka ukili, nikawaelewa kabisa.

Haya tufume. Wimbi moja linakula vitanzi 18. Mi nilianzisha 96, yaani mawimbi matano ambayo ni 90, na vitanzi vitatu kila pembeni vya kushikilia ukingo, hivyo vitatu unavifuma mbele (knit) mistari yote bila kujali kinachoendelea katikati. Mstari wa kwanza fuma mbele wote. Wa pili, upande wa nyuma, fuma kwa nyuma (purl). Wa tatu ndo wenye kazi: chukua viwili kwa pamoja mara tatu, alafu zungusha uzi juu ya sindano fuma kimoja, zungusha fuma kimoja, hivyo mara sita, alafu tena viwili kwa pamoja mara tatu, hapo wimbi moja limeisha unarudia hadi mwisho. Wa nne, ukiwa upande wa nyuma tena, fuma mbele wote, huo unatoa kamstari kaliko juu kidogo kanakofuata wimbi. Basi, mistari minne, na kati ya hiyo minne ni mmoja tu unaohitaji akili, mingine unafuma huku unapiga stori au unasikiliza redio.

Angalia hesabu yake ilivyo nzuri. Kule pembeni umepoteza vitanzi sita, katikati umeongeza sita, kwa hiyo idadi haibadiliki, ni 18 ukaingia na 18 ukatoka. Lakini kwa kuwa upunguzaji wote umerundikana sehemu moja na uongezaji wote umerundikana sehemu nyingine, kitambaa hakiwezi kukaa kimenyooka, panapoongezwa kinapanda na panapopunguzwa kinashuka. Wimbi halijachorwa, limesukumwa na vitanzi vyenyewe. Na hapo ndo rangi inapopata raha, maana mstari wa rangi ambao ungekuwa umenyooka kama rula unapinda pamoja na wimbi, njano inaingia ndani ya chungwa kwa kujipindapinda, na hakuna mahali jicho linakwama. Ukiweka rangi hizi hizi kwenye nakshi ya majani, jani moja litaanza chungwa liishie nyekundu, hutaliona kama jani tena.

Kila hatua ya rangi niliirudia ile mistari minne mara 12, na hatua ni kumi na moja. Rangi badilisha kwenye mstari wa kwanza wa wimbi, sio katikati, na acha mkia wa kama sentimita 15. Kwa kuwa unabadilisha uzi mmoja tu kati ya miwili, ule wa pili unaendelea kushikilia, kwa hiyo hapakai fundo kubwa wala tundu lisilotakiwa. Mikia usiifiche saa hiyo hiyo, iache ining'inie mpaka ukishawamba, maana kitambaa kikivutika mkia uliofichwa mapema unabana na kukunja sehemu yake.

Alafu kuna uzi wa akiba, na huu naomba mnisikilize vizuri hasa mnaoanza. Kila ukimaliza hatua ya rangi chukua uzi laini wa pamba wa rangi tofauti kabisa, tunga kwenye sindano butu, upitishe ndani ya vitanzi vyote 96 vikiwa bado kwenye sindano ya kufumia, kwenye mstari wa pili wa hatua inayofuata, ule wa kupumzika usio na matundu, vile vitatu vitatu vya pembeni usivisahau. Uache humo uendelee na safari. Siku kitanzi kikidondoka mistari ishirini mbele huna haja ya kufumua shali nzima, unafumua mpaka kwenye huo uzi, vitanzi vyote vinakusubiri vimesimama. Shali ya matundu haishikiki kirahisi kama sweta, ukifumua bila kinga yale matundu na vitanzi vinafanana huwezi kujua kipi ni kipi.

Kufunga mwisho funga kwa ulegevu. Chukua viwili kwa pamoja kwa nyuma yake, kinachopatikana kirudishe sindano ya kushoto, chukua tena viwili, rudisha, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukingo unakuwa unavutika. Ukifunga ile ya kawaida ya sweta tena kwa kubana, huo upande hautafunguka, na wimbi la mwisho litanyongwa.

Ikitoka kwenye sindano usiiangalie kwa huzuni. Imejikunyata, fupi, matundu yamefumba, haina umbo. Ndivyo zilivyo zote. Sasa tunawamba.

Tandika shuka la drafti juu ya godoro, drafti ni muhimu maana ile mistari ndo rula yako. Loweka shali kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usifikiche, toa, ibane ndani ya taulo mpaka maji yaishe, usiikamue kwa kusokota. Hapa sasa spoku za baiskeli zinapata kazi yake, zile mpya zinazong'aa zisizo na kutu, unazipitisha kwenye ukingo mrefu wa shali, kitanzi ndani kitanzi nje, moja ikiisha unaingiza nyingine ikipishana nayo kidogo, ukivuta spoku ukingo wote unanyooka kwa pamoja bila kufanya meno meno. Ncha za juu na chini ambako mawimbi yanaishia unachoma pini kila kilele cha wimbi, unakivuta nje. Pini ziwe za kutoshika kutu, doa la kutu kwenye rangi ya maziwa halitoki. Na ukimwita mtu akusaidie upande wa pili basi mkubaliane vipimo kwanza mhesabu drafti, maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, mtajikuta upande mmoja una sentimita 50 na mwingine 58.

Kama uzi wako ni sufu, iache ikauke hapo hapo, ikikauka imeshika umbo, ila ujue kila ukiifua utaiwamba tena. Akriliki haifuati maji, inafuata joto. Ikishakauka kwenye pini chukua kitambaa chepesi cha pamba kilicholoweshwa, kikae juu ya shali, alafu sogeza pasi ya moto wa kati juu yake bila kuigusisha, we lete mvuke tu, sehemu moja sekunde chache unahamia nyingine. Utaona kwa macho yako uzi unalegea, unapoteza ule ukaidi, matundu yanakaa yalivyovutwa. Hilo ni la moja kwa moja, hata ukiifua kesho haitarudi kujikunyata. Ndo maana lazima ujaribu kwanza kwenye kipande cha sampuli, kwa sababu joto likizidi akriliki inalegea mno inakuwa kama imekufa na inang'aa vibaya, na pasi ikigusa kabisa inayeyuka. Ukitoa pini hapo shali yako imekuwa mita moja na themanini, ukiinua dhidi ya dirisha unaona kila tundu limekaa mahali pake, na ukiitupa begani inachukua sekunde mpaka imalize kushuka.

Nimeulizwa kama inafaa zawadi ya kumpelekea mzazi aliyejifungua. Mama mwenyewe inamfaa sana, ajitande akiwa ananyonyesha. Mtoto mchanga hapana, vidole vyake vidogo vinaingia kwenye matundu na kunasa, na yeye hajui kujitoa, mfumie kablanketi kasiko na matundu. Na usiitundike kwenye hanga, itajivuta kwa uzito wake kila siku, ikunje iweke kwenye droo.

Nimalizie na hela maana hilo nalo limeniuma. Kuna mtu aliniambia shali za mtumba zipo za elfu tano, kwa nini ya kwako iwe bei hiyo wakati uzi wenyewe ni mabaki. Nikamfanyia hesabu: marudio 12 mara hatua 11 ni 132, mara mistari minne ni 528, mara vitanzi 96 ni vitanzi 50,688, kila kimoja kimepita kwenye vidole hivi. Hili la kupima kazi ya mfumaji kwa thamani ya uzi halijaanza kwetu. Kule Shetland wafanyabiashara walikuwa wanachukua shali za wale wanawake wanawalipa chai na vitambaa badala ya pesa, mpaka mwaka 1872 serikali ya Uingereza ikatuma watu kuchunguza, na wafumaji wakasimama mbele ya tume wakaeleza wenyewe kwa vinywa vyao kwamba pesa taslimu wanaiona kwa nadra. Wanawake wenye shali zinazopita kwenye pete! Dada zangu mnaofuma vitambaa vya makochi na masweta na makofia, uzi upimeni kwenye mzani mkinunua, mkiuza msipime kwenye mzani. Mimi oda ninapokea, mteja anakuja anachagua koni zake mwenyewe tunazipanga mezani tunapiga ile picha ya nyeusi na nyeupe, bei inahesabiwa kwa siku za kazi, na nusu inalipwa kabla sijaanzisha vitanzi.